Rafiki wa Safu ya Swala



Aristotle aligawa urafiki mafungu matatu: wa faida, wa starehe na wa wema. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliyapokea hayo kwa Kiarabu, akaongeza linalotuhusu: sheria hutukusanya mara tano kwa siku, kila Ijumaa, katika Idi mbili, na Makka mara moja katika umri, ili watu wazoeane na kupendana.

Sisi tunaopanga vyumba Ediofe, upande wa kanisa kuu la Wakatoliki, tumetawanyika. Marafiki wa kazi za darasani tunao; mtihani ukiisha, simu hazipokelewi. Wa mpira hudumu kidogo, mpaka timu ifungwe. Na Surat Az-Zukhruf, aya ya 67, yatuonya kwamba Siku ile marafiki watakuwa maadui, isipokuwa wachamungu.

Basi imamu akishatoa salamu, tazama kulia na kushoto. Yupo mwenzetu hajaonekana tangu Jumatatu? Usimtumie ujumbe tu. Nenda chumbani kwake, piga hodi, uliza kama amekula. Huenda karo imemshinda, naye anaona haya kusema.