Shahidi na Mdai

Mgonjwa aghalabu hana uwezo wa kumhukumu tabibu wake, maana haja iliyompeleka kwake ndiyo hiyo hiyo inayomnyima ujasiri wa kumhoji. Na mama mja mzito wa Kwa Vonza, ashukaye kwenye bodaboda kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui na kuingia zahanati, hajui kama presha yake imesomwa sawasawa au kwa pupa, ila ajua tu kama amepokewa kwa staha au kwa ukali. Kwa ajili hiyo, kuupima utabibu ni wajibu wa insafu kabla ya kuwa kazi ya utawala: kipimo humsemea asiyeweza kujisemea, na mganga akataaye kupimwa, kwa hoja kwamba huruma haihesabiki, huenda anaisitiri taksiri yake kwa jina la huruma.

Walakini kupima ni jambo moja, na kulipa kwa kipimo ni jambo jingine. Kitui iliyaona yote mawili mapema. Mwaka 2006 serikali ya Kenya, kwa msaada wa fedha za Ujerumani, ilianzisha vocha za uzazi katika wilaya za Kitui, Kisumu na Kiambu, na katika mitaa ya Korogocho na Viwandani mjini Nairobi. Mama maskini alinunua vocha kwa shilingi 200, akahudumiwa wakati wa mimba, wakati wa kujifungua na baada yake, katika kituo alichokichagua mwenyewe miongoni mwa vile vilivyokubaliwa, kiwe cha serikali, cha misheni au cha mtu binafsi. Kisha kituo kikalipwa kwa huduma kilizotoa. Mpango huo ulikuwa na adili ndani yake, kwa kuwa fedha zilimfuata mama, na fukara aliyezoea kuomba akapata hadhi ya mwenye kuchagua. Lakini malipo yalihesabu kwamba mama amezalishwa. Namna alivyozungumzishwa uchungu ulipomzidi haikuwa na bei.

Tulitazame kwa karibu daftari la kliniki ya wajawazito. Kila mama ana mstari wake, na kila mstari una visanduku: tarehe, uzito, presha, kipimo cha damu, vidonge vya kuongeza damu. Maadamu daftari ni kumbukumbu tu, kisanduku kitupu kina faida kubwa, kwa kuwa chatoa habari kwamba siku ile mashine ya presha ilikuwa mbovu, au dawa hazijaletwa. Kisanduku kikishatiwa fedha, utupu huo huwa hasara. Na muuguzi aliye peke yake, foleni ikiwa imefika nje, atashawishika kuandika 120/80 kutoka juu ya ukurasa hata chini. Si lazima awe mwovu. Yatosha awe amechoka, na mshahara wake umechelewa. Hata aliye mkweli hasalimiki, kwa kuwa mkono wake utakwenda upesi kwenye kile kinachoulizwa, na mama asemaye kwamba halali usiku kwa hofu ya mambo ya nyumbani kwake hatapata kisanduku cha kuandikiwa.

Wala jambo hili si aibu ya nchi maskini peke yake. Uingereza, mwaka 2004, iliwawekea madaktari wa familia alama zipatazo 1,050 za kuipima kazi yao, na sehemu kubwa ya pato lao ikategemea alama hizo. Utunzaji wa wagonjwa wa kisukari na wa pumu ulizidi kuwa bora kwa muda, kisha mwendo ukapungua. Na desturi ya mgonjwa kuonana na daktari yule yule aliyemzoea ikadhoofika. Uskoti iliuacha mpango huo mwaka 2016.

Kasoro iko wapi, basi? Kadhi hakubali ushahidi wa mtu katika dai lake mwenyewe, si kwa kuwa kila mdai ni mwongo, bali kwa kuwa nafsi yenye kungoja faida haiwezi kuaminiwa hata nayo yenyewe. Kulipa kwa daftari ni kumgeuza shahidi kuwa mdai, na kisha kushangaa kwamba ushahidi umekuwa mtamu.

Yuko atakayejibu kwamba pasipo tuzo mvivu na mwenye bidii watakula sahani moja, na hoja yake ina uzito. Basi tuzo na itolewe, lakini iende kwa kituo kizima, kwa tangi la maji, kwa taa ya chumba cha uzazi, kwa akiba ya dawa. Mshahara wa muuguzi uje kwa wakati bila kutegemea idadi. Na ushahidi uulizwe kwa asiyekula kutokana nao, yaani kwa mama mwenyewe, akiwa kwake na mtoto wake, mbali na masikio ya aliyemhudumia. Na daftari liachwe liseme upungufu wake. Zahanati ambayo kisanduku chake chaweza kubaki kitupu pasipo mtu kukatwa fedha, na sababu ya utupu huo ikatafutwa siku iyo hiyo, imepimwa vema zaidi kuliko ile ambayo visanduku vyake vyote vimejaa.