Haraka na Amana ya Roho za Watu

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba amana ni fedha iliyowekwa kwa mtu, au shamba la yatima. Qurani Tukufu inapotuamuru katika Sura An-Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, haikuweka mpaka huo. Abiria aingiaye ndegeni ameweka roho yake mikononi mwa watu asiowajua. Je, aliyepewa amana ya namna hii anayo ruhusa ya kuipunguza kidogo, kwa sababu saa imepita na abiria wenyewe wamekwisha nuna?

Msomaji wa Chiwata ambaye hajapanda ndege asiseme kwamba swali hili ni la watu wa mjini. Yeye hupeleka korosho zake kwenye chama cha ushirika, na karani akipima kwa pupa, mkulima yupo mbele ya mizani, anaona kwa macho yake, na aweza kugomba. Abiria hauoni mzigo uliopitishwa bila kukaguliwa, wala hasikii neno lililorukwa baina ya rubani na mnara wa kuongozea ndege. Kununa kwake, basi, si ruhusa. Mtu hawezi kusamehe haki asiyojua kwamba amenyimwa.

Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wenye silaha, ikaishia Stansted, Uingereza. Silaha hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilipanda pamoja na abiria.

Lakini mfano ulio mzito zaidi ni wa usiku wa tarehe 5 Mei 2007, wakati ndege ya Kenya Airways ilipoondoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Mvua ya radi ilikuwa imeichelewesha. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani aliirusha bila kupata ruhusa ya mnara. Angani alitamka neno la kuuwasha mtambo wa kujiendesha. Mtambo haukushika, na hakuna kati ya marubani wawili aliyehakikisha. Ndege ikalala upande wa kulia gizani, nao hawakutambua mpaka ilipokuwa karibu haizuiliki. Ikaanguka katika kinamasi cha mikoko, na watu wote 114 wakafa. Uchunguzi huohuo ulitaja tabia zao: mkuu alikuwa mtu wa kujiamini mno, na msaidizi wake mtu wa kunyamaza.

Miaka 30 kabla yake, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu kisiwani Tenerife, wakafa watu 583. Rubani wa KLM, mwalimu wa marubani wenzake, alikuwa akikimbizana na saa za kazi zilizowekwa na sheria. (Ajabu ni kwamba sheria hiyo iliwekwa ili marubani wasichoke.) Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha ondoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imeondoka. Hakuuliza mara ya pili.

Hapa, ndugu msomaji, utazame ibada yetu. Mtume Mtukufu s.a.w. alitukataza kuiendea Sala kwa mbio hata kama imekwisha simamishwa. Tuiendee kwa utulivu, tusali tuliyoiwahi na kutimiza iliyotupita. Ikiwa mtu hakuruhusiwa kukimbia kumwendea Mola wake, ni ratiba gani ya kampuni iliyo na haki kubwa kuliko hiyo? Na imamu akikosea, maamuma hanyamazi kwa adabu. Husema "Subhanallah" kwa sauti. Mtume s.a.w. mwenyewe alipotoa salamu baada ya rakaa mbili katika Sala ya rakaa nne, Dhul-Yadain alimwuliza kama Sala imefupishwa au amesahau. Hakukemewa. Mtume s.a.w. aliwauliza waliokuwapo, akaikamilisha Sala, akasujudu sijda ya kusahau. Basi rubani gani ni mtukufu hata asikumbushwe?

Wako watakaojibu kwamba ajali haina kinga, na kila nafsi ina ajali yake iliyoandikwa. Jibu hili lina sura ya dini, lakini mara nyingi hutumiwa kuficha uzembe. Bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Aliyeacha kufunga hana la kumsingizia Mwenyezi Mungu.

Sasa tazama magari yashukayo kutoka uwanda wa Makonde kuelekea Masasi, hasa msimu wa korosho, shehena imezidi na tajiri anataka gari lifike kabla ya usiku. Utingo huona tairi lililokwisha, husikia breki zinavyolia. Dereva ndiye imamu wa safari ile, naye utingo hasemi, kwa kuwa kesho aweza kufukuzwa. Tajiri akiulizwa atajibu kwamba hakumkataza kusema. Ni kweli hakumkataza. Lakini siku ya kumwajiri hakumwambia kwamba akisema hatafukuzwa.