Nguvu na Mbegu

Anayeishika barabara ya Kericho hadi Litein, kisha akaingia Mogogosiek upande wa Bomet, hutembea ndani ya kijani kisichokatika. Mgeni huona zulia. Mchumaji anajua kwamba mchai ni mti, na kwamba ukiachwa utapanda kupita paa la nyumba, utoe maua meupe, kisha mbegu. Hauachwi. Kila baada ya wiki moja au mbili mikono huurudia, na siku hizi mashine, ikaondoa majani mawili na chipukizi, nao ukabaki usawa wa kiuno, umenawiri, hauna ua wala mbegu. Mashamba mengi hayaihitaji hata hiyo mbegu, kwa kuwa miche hutokana na vipandikizi vya matawi. Nguvu zote zimekwenda kwenye jani. Nimeitazama michai hiyo miaka mingi kabla sijafahamu kwamba mwili wa mwanamume nao unaweza kufanywa hivyo, ukastawi kwa nje huku mbegu zikikoma ndani.

Testosteroni ndiyo homoni inayompa mwanamume sauti nzito, misuli na hamu. Hupungua kwa sababu nyingi: kisukari, unene, ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, au madhara katika korodani zenyewe. Aliyepungukiwa huchoka asijue amechoshwa na nini, hamu humtoka, huzuni humwingia. Huo ni ugonjwa wa kweli na una tiba. Lakini ubongo ndio unaoziamrisha korodani zifanye kazi, na ukikuta damu imejaa homoni iliyotoka kwenye sindano au jeli ya kupaka, hunyamaza. Korodani zisizopata amri husinyaa, na mbegu hupungua, pengine hadi isibaki hata moja. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya jaribio ambamo wanaume 271 wenye afya njema, katika nchi 7, walidungwa testosteroni kila wiki kama njia ya kupanga uzazi. Watu 157 kati yao waliishiwa mbegu kabisa wakaingia kwenye awamu ya kuitegemea sindano hiyo peke yake, na katika awamu hiyo ilitungwa mimba moja tu.

Sasa tumtazame mume aliye katika mwaka wa tatu wa ndoa na hajapata mtoto, ambaye anaambiwa homoni zake ziko chini, akadungwa dawa ile ile. Wiki chache baadaye anaamka mapema, anabeba gunia la majani hadi kituo cha kuuzia bila kupumzika njiani, anacheka tena na mkewe. Anaamini amepona. Mkewe naye anahesabu miezi. Hakuna aliyemdanganya mtu huyu. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza kama angali anataka kuzaa. Je, na yeye angejibu, kama angeulizwa mbele ya foleni ya wagonjwa na mlango uko wazi?

Hapa lugha yetu wenyewe inatushitaki. Mwanamke asiyezaa tumempa majina, tasa na mgumba, na tunayatamka bila haya. Mwanamume tumemwekea hanithi, nalo ni tusi la kitandani. Halisemi lolote juu ya mbegu. Mwenye nguvu tele ambaye mbegu zake hazitoshi hana jina la kila siku katika Kiswahili, na kisicho na jina huwa rahisi kukikana. Ndiyo maana akishajiona ana nguvu, mume hujitoa kwenye kesi, na mke hutumwa peke yake kwenda kupimwa katika hospitali ya Longisa au Tenwek, kisha kwa mwenye mizizi, kisha kwenye maombi. Wataalamu wanasema upande wa mwanamume una sehemu yake katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Ni miaka mingapi ya machozi ya wanawake imepotea kwa sababu kikopo kidogo cha kupimia shahawa kilionekana ni aibu?

Sitaki kuidharau aibu hiyo, maana ina mizizi mahali pa heshima. Kwa Wakipsigis, wenyeji wa huku kwenye chai, kijana akishatahiriwa huchukua jina la baba yake na kulitangulizia neno arap, yaani mwana wa. Wilson Kiprugut arap Chumo, mkimbiaji wa Kericho aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, aliliingiza jina la mzazi wake katika historia ya nchi. Kabla ya hapo liko jina la kurenet: mtoto akizaliwa, majina ya waliotangulia hutajwa moja baada ya jingine hadi apige chafya, na lile lililompigisha chafya ndilo lake. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo anapokosa mtoto huhofu kwamba babu yake ataitwa na hakuna wa kupiga chafya. Hofu kama hiyo haitulizwi kwa kuambiwa avumilie. Lakini pia haitulizwi na sindano inayomrudishia kifua na kuufunga mlango wa jina.

Kinachoniuma ni kwamba mlango huo si lazima ufungwe. Miongozo ya madaktari wa homoni nchini Marekani ya mwaka 2018 inashauri mwanamume anayetaka mtoto karibuni asipewe testosteroni. Zipo dawa za njia nyingine, kama sindano ya hCG na vidonge vya klomifeni, ambazo huziamsha korodani zijitengenezee homoni badala ya kuzilaza. Wapo wanaohifadhi mbegu zao kwa kuzigandisha kabla ya kuanza tiba; huduma hiyo iko Nairobi, ambako watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabara walizaliwa mwaka 2006 chini ya uangalizi wa Dkt. Joshua Noreh, ingawa kwa mkulima anayesubiri bonasi ya chai ya kila mwaka, gharama yake ni nzito. Hata aliyekwisha kudungwa asikate tamaa upesi. Katika majaribio ya wanaume wenye afya, 90 kati ya 100 walirudiwa na mbegu za kutosha ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha, na wengine walihitaji hadi miaka miwili. Aliyeitumia muda mrefu, au aliyekuwa na upungufu tangu mwanzo, hana uhakika huo, na vijana wanaojidunga kwa siri ili watunishe misuli wanapaswa kulisikia hili mapema.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu unayeusoma ukurasa huu nawe umechoka na hujui kwa nini: nenda hospitalini, na usinunue nguvu kwa mchuuzi wa stendi. Mchukue mkeo mwende pamoja. Na kabla sindano ya kwanza haijavutwa, hata kama daktari hajauliza, mwambie kwa sauti yako mwenyewe kwamba bado unataka mtoto, kisha omba mbegu zako zipimwe siku hiyo hiyo.