Tukitukanwa njiani na mtu asiyetujua

Safari hii tunataka kuangalia jambo ambalo kila mmoja wetu hapa Lubumbashi amelipata: kutoka nyumbani na amani, na kabla ya kufika kazini kutukanwa na mtu ambaye hatumjui, hatukumkosea neno, wala hatutamwona tena.

Sisi tunaovaa kijani na nyeupe tunalijua jambo hilo. Siku ya Mungu tukitoka katika ibada kwenda kungojea taksi-busi, hatukosi kijana wa kupaza sauti: "Angalieni, sombe inatembea!" Wengine wanawauliza mama zetu kama wanafunga kichwa sababu ya chawa. Mwenye pikipiki anapita makusudi katika maji machafu, anatuchafua, kisha anageuka kuangalia kama tumekasirika. Hayo ni madogo. Ile ya sombe, tuseme kweli, ilituchekesha hata sisi tulipofika nyumbani.

Tumefundishwa kunyamaza, na fundisho hilo lina gharama yake. Tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu, baraza la askari lilimhukumu Papa Simon Kimbangu apigwe fimbo 120 na auawe. Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo Papa akaletwa huku kwetu, Élisabethville ya wakati ule, akakaa mfungwa mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Na kanisa lake halikupokea kwake fundisho la kulipiza kisasi. Basi sisi ni nani, hata tupigane sababu ya sombe?

Tena Biblia inatuonyesha Daudi akimkimbia mtoto wake Absalomu. Alipofika Bahurimu, mtu mmoja aitwaye Shimei alitoka akimlaani na kumtupia mawe na mavumbi. Abishai alitaka kwenda kumkata kichwa, Daudi akamkataza, akaendelea na njia yake. Lakini tusisahau kwamba Shimei alikuwa mtu wa ukoo wa Sauli. Alikuwa na kisa chake moyoni. Hata yule kijana wa mlango wa taksi-busi ana kisa chake: tangu asubuhi hajala, polisi wa barabara wamemsimamisha mara tatu, na jioni mwenye gari anangojea pesa zake. Tusi linamtafuta mtu wa kumwangukia, linatupata sisi tuliokaa karibu.

Mpaka hapo tulikuwa tunaona kwamba tumeelewa. Halafu jambo likatupata katika gari la kwenda Ruashi. Kijana alikuwa amekwisha kututania sisi, nasi tukanyamaza, na ndani ya moyo tulikuwa tunajisifu kidogo. Kisha akaja mama mmoja mzee na mfuko wa unga, akauliza bei kwa Kiswahili chenye sauti ya Kasai. Kijana akamwambia: "Hili gari halibebi bilulu. Rudi kwenu, treni iko." Watu wakacheka. Mama akapanda hata hivyo, wakaendelea kumsema njia yote, naye akashuka kabla ya kufika kwake. Na sisi, na kijani yetu na nyeupe yetu, tuliangalia nje dirishani.

Usiku ule usingizi haukuja. Tulijiuliza: kule kunyamaza kwetu mara ya kwanza na mara ya pili ni kitu kimoja? Mara ya kwanza tuligeuza shavu letu. Mara ya pili tuligeuza shavu la nani? Hakuna aliyetupa ruhusa ya kuvumilia kwa jina la yule mama.

Wakubwa wanajua neno "bilulu" lilitoka wapi. Miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai waliitwa vile hapa Katanga, kabla ya kufukuzwa nyumbani mwao. Kule Likasi na Kolwezi walilala kituoni na watoto wao wakingojea treni, na wengi walikufa. Sisi tulikuwa watoto bado. Jirani yetu, mwalimu, aliuza vitu vyake vyote kwa siku mbili. Baba yetu, aliyekuwa mtu wa sala, alinunua kabati yake kwa bei ya mifuko miwili ya unga. Hakumtukana mtu, hakuchoma nyumba. Kabati ile iko katika lupango yetu hata leo, na tunaweka humo Biblia na nguo za ibada.

Katika Kutoka tunasoma kwamba Musa, yeye mwenyewe mgeni na mkimbizi, alikaa karibu na kisima cha Midiani. Wachungaji wakaja kuwafukuza mabinti saba wa kuhani. Musa akasimama, akawasaidia, akawanywesha wanyama wao maji. Hatusomi kwamba walikuwa ndugu zake. Hakuwa anawajua.

Tulimwambia hayo mama wa nyumba yetu, ambaye naye ni shemasi. Alikataa. Alisema: "Mkisema neno katika gari na mmevaa vile, itakuwa vita, na watu watasema Wakimbangu ni watu wa ugomvi." Neno lake lina uzito. Kuna siku sauti moja inawasha moto uliokuwa unazimika. Lakini tunaogopa kwamba mara nyingi tunaita busara kitu ambacho ni woga tu.

Juma chache zilipita. Jioni moja, njia ile ile, kijana mwingine alimkataa abiria mmoja, mtu wa Kasai, na mzigo wake kichwani. Tulisema kwa sauti ya chini: "Mtoto wangu, huyu naye analipa kama sisi. Umwache apande." Akajibu: "Papa Sombe, umlipie wewe basi!" Watu wakacheka. Tukamlipia. Yule mtu alipanda, hakutushukuru. Alituangalia kama mtu anayejiuliza tutamdai nini. Na vile tulikuwa tumemaliza franga za gari la pili, tuliposhuka sokoni tulitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na viatu vya ibada, gizani.

Mama shemasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa lupango. Aliuliza sababu ya kuchelewa, tukamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani. Asubuhi tulikuta juu ya meza franga za safari ya watu wawili.