Nani Atalipa?

Rafiki yangu anafundisha Historia na Serikali katika shule moja ya kutwa huku Eastlands. Muhula uliopita alinipigia simu akauliza kama niko na shughuli Alhamisi. Mimi huandika na kulipwa kwa makala, kwa hivyo jibu huwa ni moja: sina. Akaniambia nikuje nimsaidie kusimamia uchaguzi wa rais.

Ulikuwa uchaguzi wa kuigiza. Kidato cha tatu walikuwa wamefika kwenye mada ya makundi ya maslahi, yaani watu waliojiunga kwa sababu kuna kitu wanachotaka serikali iwafanyie, bila wao wenyewe kutaka kuwa serikali. Kwenye daftari mada hiyo inachosha. Unakariri faida tano na hasara tano, unazimwaga kwa mtihani, unasahau. Mwalimu alitaka waione ikitembea.

Alikuwa amekata vikaratasi akavitia kwenye kofia. Watatu walichomoa karatasi ya mgombea. Wanane wakawa wakulima wa majani chai, saba walimu, sita viongozi wa dini, sita wanafunzi wa chuo kikuu, sita mama mboga na watu wa bodaboda, watano wenye matatu, na watatu wafanyabiashara wakubwa. Pesa zilikuwa vifuniko vya soda. Kila kundi lilipewa vitano, isipokuwa wafanyabiashara, ambao walipewa mia moja. Manila ya kuandikia bango la kampeni ilikuwa inauzwa vifuniko kumi. Hesabu hiyo wagombea waliipiga haraka kuliko hesabu yoyote ya mwalimu wa hisabati.

Basi makundi yakaketi, kila moja likaandika madai yake, na wagombea wakaanza kuzunguka.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni wale wakulima. Watoto wa Umoja na Kayole, ambao majani chai wameyajua kwenye pakiti, ndani ya dakika ishirini walikuwa wamekasirika kabisa kuhusu bonasi. Mmoja alimpigia mgombea meza: “Sisi tunaamka saa kumi na moja kuchuma, na nyinyi mnatuletea hadithi!” Saa kumi na moja huyo huwa amelala. Lakini alikuwa anamaanisha. Karatasi ya inchi mbili ilikuwa imempa kazi, shamba na uchungu.

Cha pili ni wafanyabiashara. Walikuwa kura tatu pekee, kundi dogo kuliko yote. Hawakupiga kelele wala kumfuata mtu. Waliketi karibu na dirisha, wagombea wakaenda kwao, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu wakatoka na manila. Nilimuuliza mmoja wanamuunga nani mkono. Akanitazama kama nimemuuliza swali la kitoto. “Yule atakayeshinda.”

Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alichora ubao safu mbili. Ya kwanza: *Tunataka nini?* Ya pili: *Nani atalipa?*

Safu ya kwanza ilijaa mpaka chini. Nyongeza ya mishahara. Mbolea ya bei nafuu. Mikopo ya chuo isiyolipwa na riba. Polisi wa barabarani waache kuhangaisha matatu. Ushuru wa faida upunguzwe. Safu ya pili ilikuwa na neno moja, limeandikwa na makundi yote saba kana kwamba walikuwa wamenakiliana: *serikali*.

Hapo ndipo aliingia msichana mmoja, amechelewa. Alikuwa ametumwa nyumbani asubuhi kwa ajili ya karo. Karatasi kwenye kofia zilikuwa zimeisha.

“Mwalimu, mimi sasa ni nani?”

“Wewe ni mwananchi tu.”

Darasa likacheka. Akaketi nyuma, akasoma ubao polepole, safu zote mbili, halafu akauliza bila kuinua mkono: “Na hiyo serikali inatoa wapi? Ni kama hizi zote ni mimi nalipa.”

Darasa likacheka tena, lakini safari hii kicheko hakikumaliza.

Kura zilipigwa. Wagombea hawakuruhusiwa kupiga, kwa hivyo wapigakura walikuwa 42. Wa kwanza alipata 21, wa pili 13, wa tatu 7. Karatasi moja ilikuwa tupu. Hatukuhitaji mpelelezi kujua ni ya nani, maana hakuna mgombea hata mmoja aliyekuwa amefika kwenye dawati lake.

Ubishi ukalipuka. Katiba inasema mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. (Ile robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti tuliiruka, muda ulikuwa unaisha.) Ishirini na moja kati ya arobaini na mbili ni nusu kamili, si zaidi. Mwalimu akawaeleza kwamba Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2013 kuwa kura zilizokataliwa haziingizwi kwenye hesabu ya asilimia. Karatasi tupu ikatolewa. Zikabaki 41, na 21 ikawa ushindi. Kelele, vigelegele, wakulima wakambeba rais wao juu juu.

Kwa sheria, kila kitu kilikuwa sawa. Kile nilichorudi nacho kwenye matatu ni swali: je, kuna kosa lolote lililofanyika pale?

Kuna jibu rahisi ambalo sisi vijana wa mjini tunalipenda. Kwamba makundi ndiyo shida. Kwamba kila mtu anavutia kwake, na kama tungeweka nchi mbele mambo yangenyooka. Mimi siamini tena jibu hilo. James Madison, aliyekuja kuwa rais wa nne wa Marekani, aliandika mwaka wa 1787 kwamba ukitaka kuondoa makundi kabisa una njia mbili: uue uhuru wa watu, au uwafanye wote wafikirie kitu kimoja. Ya kwanza ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, ya pili haiwezekani. Tiba yake ilikuwa kuwa na nchi kubwa yenye makundi mengi, ili lisipatikane moja la kuyameza mengine.

Ni wazo zuri, na hata katiba yetu iko upande huo. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamishi kwa wenye mamlaka. Kudai si dhambi. Mwalimu asiyedai mshahara wake hawi mzalendo zaidi, anakuwa na njaa zaidi.

Lakini Madison huyo huyo alimiliki watumwa kule Virginia. Watu hao walikuwa na maslahi kuliko yeyote katika nchi ile, na hawakuwa kundi. Hakuna aliyewaandikia kikaratasi. Kwa hivyo mizani yake nzuri ya kundi dhidi ya kundi ilipima wale tu waliokuwa tayari wamo ndani ya chumba. Hapo ndipo ninapomwona yule msichana wa dawati la nyuma.

Mwanauchumi mmoja, Mancur Olson, aliandika kitabu mwaka wa 1965 kueleza kwa nini hali huwa hivyo. Watu wachache wenye faida kubwa hujipanga kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja anajua atapata nini. Watu wengi ambao kila mmoja anapoteza kidogo hawajipangi, kwa sababu kila mmoja anangoja mwenzake. Wafanyabiashara watatu kando ya dirisha. Wala mkate mamilioni, bila ofisi na bila katibu mkuu.

Juni 2024 tulijaribu kumpinga Olson. Muswada wa Fedha ulitaka kuweka ushuru kwenye mkate, na wala mkate wakatoka barabarani, wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Ilikuwa mara ya kwanza nikiona watu wenye karatasi ya “mwananchi tu” wakiwa ndio kundi kubwa. Juni 25 watu waliingia Bunge, na siku iliyofuata rais akasema hatatia saini. Lakini safu ya pili nayo ilijazwa siku zile. Kuna waliopigwa risasi wakafa, na kuanguka kwa muswada ule, wao ndio waliokulipia. Sijui kama tunalikumbuka hilo tukiwa tunapaka blue band.

Hata makundi yaliyopangika vizuri huuziwa hewa. Mwaka wa 1997, mwaka wa uchaguzi, walimu waligoma, na serikali ikakubali nyongeza kubwa itakayolipwa kwa awamu. Mwaka wa 1998, uchaguzi umepita, walimu walikuwa tena kwenye mgomo wakidai awamu iliyofuata. Mwaka wa 2013 bado walikuwa wanagomea marupurupu yaliyotokana na makubaliano yale yale. Aliyeahidi hakuwa amejiuliza nani atalipa. Au alijiuliza, akaona jibu halimsaidii kabla ya Desemba.

Sasa niseme langu, maana ni rahisi kuongea kuhusu wengine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa usahihi zaidi, karo iliniacha. Muhula ule viongozi wetu wa wanafunzi walikaa na wakubwa wa chuo wakapata mapatano: wenye madeni waruhusiwe kufanya mtihani. Tulisherehekea. Kisha nikagundua kwamba mapatano yalikuwa ya waliosajiliwa muhula huo, na mimi sikuwa nimesajiliwa kwa sababu ya deni lile lile. Nilimwendea kiongozi wetu, jamaa niliyempigia kura na kumpigia debe. Hakunifokea. Aliniambia kwa upole, “Buda, kwa sasa wewe si mwanachama.” Alikuwa anasema ukweli. Nilikuwa nimekuwa mwananchi tu.

Kwa miaka miwili nilisimulia kisa hicho nikiishia hapo. Ni kisa kizuri, kinanipa haki yote. Lakini siku ile kwenye matatu nilikumbuka mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza mimi nililala hosteli, chumba kizuri, karibu na maktaba. Nilikipataje? Sisi wa kaunti yetu tulipiga kura kama mtu mmoja, mgombea wetu akapita, na vyumba vikatukumbuka. Vitanda havikuongezeka mwaka ule. Kuna mtu ambaye hakuwa wa kwetu alienda kukodi nyumba nje, labda mbali, labda akirudi usiku kwa miguu. Sikuwahi kuuliza ni nani. Kama mtu angeniuliza nani alilipia kitanda changu, ningejibu kama watoto wale. Chuo.

Kwa hivyo naona kosa halianzi kwenye safu ya kwanza. Kutaka ni halali. Linaanza pale unapoandika neno kubwa lisilo na uso kwenye safu ya pili. *Serikali. Chuo. Bajeti.* Ukiandika jina la mtu, kwa mfano “hii nyongeza yetu italipwa na mwenye bodaboda kupitia mafuta,” dai lako halifi. Pengine bado ni la haki, pengine mwenye bodaboda mwenyewe atakubali kwamba mtoto wake anahitaji mwalimu aliyeshiba. Lakini sasa lazima umwangalie machoni ukilisema. Na kama huwezi kulisema mbele yake, unajua tayari umebeba nini.

Najua pingamizi. Ati aliye na njaa hana nafasi ya kuuliza maswali ya safu ya pili, hiyo ni anasa ya walioshiba. Kuna ukweli hapo. Siwezi kumwambia mtu wa dawati la nyuma aanze yeye kuhesabu gharama za wengine, tayari anazilipa. Wa kuanza ni wenye vifuniko mia moja. Ila wengi wetu hatuko dirishani wala dawati la nyuma. Tuko katikati, na kadi zetu hubadilika. Leo una chumba cha hosteli, mwakani huna usajili.

Hilo nililisema kwa rafiki yangu. Nikampa wazo: wiki ijayo acha ahadi zote za mshindi zibaki ubaoni, kusanya karatasi, zitie tena kofiani, wachomoe upya. Halafu wapige kura wakiwa na kadi mpya. Akakubali. Mimi sikuweza kuwepo, nilikuwa na makala ya kumaliza.

Alinipigia jioni. Akasema alitikisa kofia kwa dakika kumi na kazi haikuendelea. Wafanyabiashara walirudisha karatasi zao wakicheka, wakijua mchezo ni mchezo. Waliokataa ni wakulima, wale wale wa saa kumi na moja. Walizikunja wakaziweka mfukoni. “Mwalimu, hiyo si haki. Sisi tulishapata yetu.”

Nikamuuliza kuhusu yule msichana.

“Hakuja,” akasema. “Bado karo.”