Miaka Aliyoongezewa Hezekia



Somo la juma hili ni Isaya, sura ya 38 na ya 39. Naomba msome zote mbili, maana wengi wetu tumezoea kufunga kitabu baada ya ile ya kwanza. Sura ya 38 tunaipenda. Mfalme Hezekia anaugua, nabii Isaya anamjia na neno zito kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake kwa kuwa hatapona, mfalme anageukia ukuta na kulia, na Mungu anamwongezea miaka 15. Ni sura ya ushuhuda, na sisi ni watu wa ushuhuda. Sura ya 39 inasimulia mtu huyo huyo alifanya nini baada ya kuinuka kitandani, na hapo sauti zetu hupungua.

Lakini kwanza kuna jambo dogo ambalo wahubiri hulipita mbio. Hezekia aliomba, akajibiwa, na baada ya hapo Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii yule yule aliyeleta neno la Mungu ndiye aliyeagiza dawa. Hakuona aibu. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliomshauri ndugu yetu mmoja hapa Ipole aache kumeza vidonge vya moyo kwa kuwa ameshaombewa. Tafadhali, mwacheni anywe dawa zake.

Ndugu huyo ameniruhusu nieleze habari zake bila jina lake. Alishikwa na kifua usiku wa mwezi wa tatu, akiwa anachochea bani. Watoto wetu walioko Dar es Salaam, ambao nasikia husomewa tafakari hizi kwa simu, huenda wamesahau bani ni kazi gani. Tumbaku ya mvuke haianikwi juani. Majani hufungwa kwenye fito na kutundikwa ndani ya bani, moto unawaka kwenye tanuru, joto linapita ndani kwa mabomba, na kwa karibu juma zima moto huo haulali. Joto likipanda kabla ya wakati, jani linaharibika. Likishuka, rangi inapotea, na siku ya soko daraja linaanguka pamoja na ada ya shule. Kwa hiyo mwenye bani hukesha. Na mtu anayekesha peke yake mbele ya moto, tumbaku imemzunguka pande zote, hupata kipande cha gazeti akasokota. Ndugu yetu alikuwa amesokota hivyo tangu ujana wake.

Alisema ilikuwa kama amewekewa gunia juu ya kifua, kisha mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likamtoka ingawa alikuwa amesogea mbali na moto. Akapakiwa kwenye pikipiki hadi Sikonge, na baadaye akapelekwa Kitete, Tabora mjini. Daktari alimweleza bila kumficha. Moshi wa tumbaku una kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Nikotini nayo inaubana mshipa na kuuharakisha moyo, na damu ya mvutaji huwa rahisi kuganda. Mshipa mwembamba, damu ya kuganda na moyo unaokimbizwa vikikutana ndani ya mtu mmoja usiku mmoja, ndipo gunia lile linapokuja. Alirudi nyumbani ameacha, na sababu ya kuacha ilikuwa woga.

Sitaudharau woga. Wapo wanaosema kuacha dhambi kwa kuogopa kifo hakuna thamani, eti mtu aache kwa upendo. Hezekia hakulia kwa sababu nyingine yoyote ila kwamba hakutaka kufa, na Mungu alisema ameyaona machozi yake. Mtu akija mlangoni kwa Bwana anatetemeka, tumfungulie, tusimhoji kwanza.

Shida ya woga ni kwamba hauna maisha marefu. Kifua kikipoa, nao unapoa. Siku za mwanzo, mwili unadai nikotini yake kwa makelele: kichwa, hasira, usingizi kukatika, mikono kutotulia. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, na baada ya majuma machache madai hayo ya mwili hupungua sana. Kiu yenyewe ikija haikai, dakika chache tu imepita, ukiweza kuzivuka kwa maji, kwa matembezi, kwa zaburi au kwa kumpigia mtu simu. Lakini baada ya mwili kunyamaza, mahali na saa huanza kudai. Chai ya asubuhi inadai. Bao chini ya mwembe linadai. Msiba unadai sana, maana usiku wa matanga ni mrefu na kila mwanamume ana pakiti mfukoni. Na kwa watu wetu, zaidi ya vyote, bani linadai.

Hapo ndipo nina neno na ushirika wetu. Tulipomwona ndugu yetu kanisani, wengine walitaka asimame mbele atoe ushuhuda Jumapili ile ile. Nikasema asubiri. Mtu aliyeacha juzi tukimpandisha madhabahuni na kumpigia vigelegele, tumemwandalia mahali pa kuangukia. Siku akivuta moja, na wengi huvuta moja kabla hawajaacha kabisa, ataenda kujificha wapi? Ataanza kukaa mbali na sisi, kwa sababu ndisi tuliopiga makofi. Walio wengi hawaachi kwa jaribio la kwanza. Aliyerudia anahitaji kuambiwa aanze tena kesho, na aambiwe na mtu asiyeshangaa.

Na mama zetu mnaokaa safu ya mbele mkiwatazama wavuta sigara kwa jicho la hukumu huku kikopo cha ugoro kimefungwa kwenye pindo la kitenge, nanyi mmo humu. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini yake ni ile ile. Nawaheshimu sana, ndiyo maana nasema.

Kuna daktari mmoja wa Uingereza, Richard Doll, ambaye maisha yake yamenisaidia kusoma sura hii. Mwaka 1950, yeye na mwenzake Bradford Hill walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sigara zinahusiana na saratani ya mapafu. Wakati huo Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Hesabu zilipoanza kumjia mezani, akaacha kabla hajaandika neno la mwisho. Mwaka 1951 wakaanza kufuatilia madaktari wanaume wa nchi yao, zaidi ya 34,000, wanaovuta na wasiovuta, na waliendelea kuwafuatilia kwa miaka 50. Matokeo ya nusu karne hiyo yalitoka mwaka 2004, Doll akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Mvutaji wa maisha alipoteza wastani wa miaka 10 hivi. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kama 3, wa miaka 50 kama 6, wa miaka 40 kama 9, na aliyeacha akiwa na 30 alirudishiwa karibu yote.

Nilipoona hesabu hizo nilimkumbuka Hezekia. Hakuna nabii aliyewajia madaktari wale na ahadi ya miaka, lakini miaka waliongezewa. Baba wa miaka 60 aliyekata tamaa na kusema mapafu yameshaungua, kuna faida gani tena, asome hesabu hiyo mara mbili. Na moyo hausubiri muda mrefu: inakadiriwa kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyoletwa na sigara imeshapungua kwa kama nusu.

Sasa twende sura ya 39.

Wajumbe wanakuja kutoka Babeli na zawadi, kwa sababu mfalme wao amesikia kwamba Hezekia alikuwa mgonjwa naye amepona. Hezekia anafurahi. Anawafungulia hazina yote: fedha, dhahabu, manukato, silaha, hakuna chumba asichowaonyesha. Isaya anakuja kuuliza, na baada ya kusikia anamwambia kwamba vyote hivi vitabebwa kwenda Babeli, pamoja na baadhi ya wana watakaozaliwa kwake. Jibu la mfalme ndilo lililonikosesha usingizi. Alisema neno hilo ni jema, akiwaza moyoni kwamba siku zake mwenyewe zitakuwa za amani. Mtu aliyelia ukutani kwa ajili ya maisha yake hakutoa hata chozi moja kwa ajili ya watoto wake. Tena ukifungua kitabu cha pili cha Wafalme unakuta kwamba Manase mwanawe alitawazwa akiwa na umri wa miaka 12. Pigeni hesabu wenyewe. Mtoto huyo alizaliwa ndani ya ile miaka 15 ya nyongeza, na akawa mfalme aliyeipotosha Yuda kuliko wengi waliomtangulia.

Sisi wa Ipole na Sikonge tunaijua amani ya siku zetu, nayo ni tumbaku. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 kwa njia ya misafara, tumbaku ilikuwa imeshazoeleka Unyamwezini, kiko mdomoni na ugoro puani. Hiyo ilikuwa tumbaku ya kuvuta wenyewe. Tumbaku ya kuuza kwa marobota ilikuja baadaye sana. Kule Urambo ilishika nafasi baada ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kuanguka. Leo mkoa wa Tabora hauwezi kutajwa bila hilo jani. Limesomesha watoto. Limeezeka nyumba kwa bati. Sadaka ya mavuno inayowekwa mbele yangu kila mwaka sehemu yake inatoka huko, na sitasimama madhabahuni nijifanye sijui.

Serikali yetu ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Nchi ile ile ina Bodi ya Tumbaku. Mkulima amesimama katikati, na kumrushia mawe ni rahisi kwa asiyedaiwa pembejeo. Sisemi mng'oe miche kesho. Nasema mtu aliyepona asiseme ni amani katika siku zangu. Jani bichi lililolowa umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, ndicho kile kizunguzungu na kutapika ambavyo wengine wetu huviita malaria. Mtoto wa miaka kumi aliyetumwa kuchuma alfajiri anavuta kwa mikono yake. Baba ameacha sigara kwa kuogopa moyo wake, huku mwanawe bado yuko shambani bila hata shati la mikono mirefu. Miti nayo, mnajua ni mizigo mingapi ya miombo inaingia tanuru moja. Mti wa mtundu unaokatwa leo ndio ambao nyuki wangetafuta maua yake, na asali ya misitu hii ni riziki ambayo haihitaji mtu kukesha na msokoto. Wanaofuga nyuki kati yetu waseme, wanaijua hesabu yake kuliko mimi.

Ndugu yetu ana miche kitaluni. Atapanda mvua zikianza, kwa sababu mkopo haujaisha, na kuanzia mwezi wa kwanza bani litawashwa. Ameniambia wazi kwamba haogopi kitu kama usiku ule: yeye, moto na majani. Chai ameishinda, bao ameliacha, lakini bani hajui.

Wazee wetu wa Moravian kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 walipanga zamu za maombi usiku na mchana, wanaume 24 na wanawake 24 kwa kuanzia, kila mmoja na saa yake. Zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Historia hiyo tunaifundisha kwenye darasa la kipaimara na kuiacha hapo hapo darasani. Nimewaomba wazee wa kanisa tuitoe nje. Kila usiku bani la ndugu yetu likiwaka, wetu wawili wawili watakaa naye kwa zamu, wa kwanza hadi saa sita, wengine hadi alfajiri. Mtasaidia kuchochea, mtaimba mkitaka, mtanyamaza mkitaka. Asiwepo mwenye sigara mfukoni. Mahubiri msimpelekee, ameyasikia ya kutosha. Wapo wengine watatu waliokuja kwangu kimya kimya baada ya kuona yaliyompata, nao wana mabani yao, kwa hiyo usiku utakuwa mwingi.

Daftari liko kwa katibu wa ushirika. Vijana wenye pikipiki waandike pia namba zao, na kila zamu iwe na simu yenye chaji, endapo kifua kitashika tena. Mama wa ugoro wanaotaka kuacha pamoja na hawa waje Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya. Nimemwomba mhudumu wa zahanati awepo, apime presha na ajibu maswali yenu.