Tenda Wema, Usiende Zako

Wazee wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, hupenda kusema: tenda wema nenda zako. Maana yake ni kwamba mtenda wema asingoje shukrani. Sipingi. Swali langu ni jingine: je, wema huisha pale mkono unapotoa?

Nilijiuliza hivyo shangazi yangu alipojifungua njiti wa wiki 29. Muuguzi alimwekea mtoto mrija wa oksijeni puani. Nyanya akamwomba, "Mwongezee, apate nguvu." Akajibiwa, "Mama, hewa hii nayo ina kipimo chake." Tukamwona mchoyo.

Baadaye nilisoma, nikaona kwamba historia iko upande wake. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za Marekani, Uingereza na Australia ziliwapa njiti oksijeni nyingi kwa nia njema. Mishipa ya macho yao, ambayo ilikuwa bado haijakomaa, ikaharibika. Watoto wapatao 10,000 wakapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mmoja wao. Madaktari wakaibana oksijeni: macho yakapona, vifo vikaongezeka. Mwaka 2010, utafiti wa Marekani ulionyesha mtego uleule. Njiti ambao oksijeni ya damu yao iliwekwa kati ya asilimia 85 na 89 waliumia macho kidogo kuliko wale wa asilimia 91 hadi 95, lakini walikufa wengi zaidi.

Tena kipimo chenyewe hakitulii. Njiti husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, na ubongo wake ukapungukiwa. Kadiri anavyokomaa, mahitaji yake hubadilika. Kinachomtosha leo huenda kisimfae wiki ijayo.

Kwa hiyo anayetoa kisha akaondoka hajamaliza wema, ameuanza tu. Mtu atauliza: muuguzi mmoja mwenye njiti kumi akae na yupi? Kweli, yeye hana lawama. Lawama ni yetu sisi tunaopiga makofi mitungi ya oksijeni inapoletwa, bila kuuliza kama vifaa vya kupimia vimekuja pamoja nayo, na nani atavitazama usiku.

Shangazi alikesha na mtoto kifuani, akimsugua unyayo kila aliponyamaza kupumua. Hakungoja shukrani ya mtu. Lakini hakwenda zake.